Jinsi ya kurejea ugali bila kurejesha kilo

LISHE ya wanga kidogo huanza kwa shangwe na mara nyingi huishia kimyakimya. Mtu huacha ugali, chapati, wali, mkate na sukari, akashika mayai, nyama, samaki, parachichi na mboga, na baada ya wiki chache nguo huanza kumpwaya. Miezi kadhaa baadaye huchoka. Pengine ni bei ya nyama na mayai, pengine ni harusi ya binamu, pengine ni uchovu wa kupikiwa sufuria ya pekee katika nyumba ya watu saba. Kidogo kidogo sima hurudi mezani, na mwaka unapokwisha kilo zilizopotea nazo huwa zimerudi, wakati mwingine zikiwa na nyingine za ziada.

Si lazima mambo yaende hivyo. Kinachowaponza wengi si ugali wenyewe bali namna wanavyourudisha. Anayekula wanga kidogo huwa amejizoeza kula mafuta mengi ili ashibe. Wanga unaporudi na mafuta yale yakabaki pale pale, mwili hupokea nguvu kutoka pande mbili kwa wakati mmoja, nao hauna budi kuweka akiba. Akiba hiyo ndiyo kitambi.

Suala hili ni zito kuliko urembo. Katika uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza, asilimia 27 ya watu wazima walipatikana wakiwa na uzani uliozidi kiwango kinachofaa. Miongoni mwa wanawake idadi hiyo ilikuwa asilimia 38.5, na miongoni mwa wanaume asilimia 17.5. Wengi wa watu hao hujaribu lishe moja au nyingine kwa sababu daktari amewatajia kisukari au shinikizo la damu, na kilo zinaporudi, hatari iliyowafanya waanze nayo hurudi.

Lishe yenyewe si mpya. Mwaka 1863 William Banting, msimamizi wa mazishi jijini London aliyekuwa mnene kiasi cha kupata taabu ya kushuka ngazi, alichapisha kijitabu kuhusu jinsi alivyopungua kwa kuacha mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi. Mwaka 1921 Daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, alipendekeza lishe ya mafuta mengi na wanga kidogo mno kwa wagonjwa wa kifafa, na hadi leo hutumika kwa baadhi ya watoto ambao dawa hazijawasaidia. Aliyeieneza duniani kwa ajili ya kupunguza uzani ni Daktari Robert Atkins wa New York, ambaye kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1972. Kizazi cha leo kinaijua zaidi kwa jina la keto.

Neno wanga hapa linajumuisha familia nzima: unga wa mahindi na wa ngano, mchele, viazi, mihogo, ndizi, nduma, na pia sukari, iwe ya kwenye bakuli, ya kwenye soda au ya kwenye embe. Anayefuata lishe hii kwa ukali huwa anakula kati ya gramu 20 na 50 za wanga kwa siku. Kwa kulinganisha, nusu kikombe cha unga wa mahindi kabla ya kusongwa kina takriban gramu 45.

KILO MBILI ZA KWANZA

Jambo la kwanza ambalo anayerudia wanga anapaswa kulifahamu ni kwamba mizani itapanda, na itapanda upesi. Asipoambiwa mapema atababaika.

Mwili huhifadhi sehemu ya wanga katika ini na misuli kwa umbo la glaikojeni. Ini la mtu mzima huweza kubeba takriban gramu 100, na misuli takriban gramu 400. Kila gramu ya glaikojeni hushikana na gramu tatu hivi za maji. Mtu anapoacha wanga, akiba hiyo hutumika na maji yake hutoka kwa njia ya mkojo. Ndiyo sababu wiki ya kwanza ya lishe hii huwa ya ajabu, kilo mbili au zaidi zikiyeyuka kabla mtu hajatokwa na jasho. Sehemu kubwa ya kilo hizo haikuwa mafuta.

Anaporejea ugali, akiba hujazwa upya na maji hurudi mahali pake. Aidha, wanga huamsha homoni ya insulini, na insulini huzifanya figo zishikilie chumvi zaidi, na chumvi nayo hushikilia maji. Kwa hivyo, mtu aliyekula sima Jumamosi na Jumapili anaweza kupanda mizani Jumatatu na kukuta amezidi kwa kilo moja na nusu.

Hesabu inaonyesha kwamba hayo si mafuta. Kilo moja ya mafuta ya mwilini inakadiriwa kubeba kalori 7,700. Ili mtu aongeze kilo mbili za mafuta kwa siku tatu, angehitaji kula zaidi ya kalori 15,000 juu ya mahitaji yake ya kawaida, kazi ambayo hata mla karamu hodari haiwezi.

Hapa ndipo wengi hupotoka, na kwa njia mbili zilizo kinyume. Kuna anayeingiwa na hofu, akarudi mbio kwa nyama na mayai, akiamini kuwa mwili wake hauwezi tena kustahimili wanga. Kuna naye anayekata tamaa, akasema kwamba kama kipande kimoja cha chapati kimemwongezea kilo mbili, basi hakuna haja ya kujinyima, na jioni hiyo akala chapati nne. Huyu wa pili ndiye anayenenepa kwa kweli.

Njia iliyo bora ni kuyapa maji wiki mbili au tatu yatulie, kisha kuuchukua uzani wa wakati huo kuwa ndio uzani mpya wa kuanzia. Katika kipindi hicho utepe wa fundi cherehani hufaa kuliko mizani. Kiuno kikibaki vilevile huku mizani ikipanda, kilichoongezeka ni maji.

WANGA UKIINGIA, MAFUTA YATOKE

Gramu moja ya wanga ina kalori nne. Gramu moja ya protini ina kalori nne vilevile. Gramu moja ya mafuta ina kalori tisa. Hesabu hizi ni za darasa la sayansi, lakini ndizo zinazoamua kama nguo mpya zitaendelea kuvalika.

Chukua mtu aliyekuwa akila gramu 30 za wanga kwa siku, ambaye sasa anataka kula gramu 130. Gramu 100 alizoongeza ni kalori 400. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina takriban kalori 120, kwa hivyo nyongeza yake ni kama vijiko vitatu vya mafuta na zaidi kidogo. Ikiwa anataka uzani ubaki ulipo, vijiko hivyo havina budi kutoka mahali fulani: mboga zikaangwe kwa mafuta machache, mayai yachemshwe badala ya kukaangwa, ngozi ya kuku iachwe, nyama ichaguliwe isiyo na mafuta, na ule mtindo wa kuongeza siagi juu ya kila kitu ukome.

Jambo hilo ni gumu kwa sababu halionekani. Sahani ya ugali huonekana. Mafuta yaliyo ndani ya mboga hayaonekani, na kwa miezi kadhaa mtu huyo amekuwa akiambiwa ayale bila hofu. Isitoshe, vyakula vingi vya wanga vinavyopendwa mijini vina mafuta ndani yake tayari. Chapati, mandazi, mahamri, chipsi na bhajia vyote ni wanga na mafuta katika tonge moja. Mtu anayeacha keto kwa kuingilia mlango wa chipsi na kuku huwa hajarudia chakula cha kawaida. Ameunganisha lishe mbili, akachukua sehemu ya kila moja inayonenepesha.

Pwani, ambako kifungua kinywa cha mahamri na mbaazi za nazi kina heshima yake, mgawanyo huu huonekana wazi. Mbaazi ni rafiki wa anayerudia wanga kwani zina protini na nyuzinyuzi. Tui zito na mahamri matatu ndiyo yanayohitaji kujadiliwa.

Wanga peke yake haujathibitika kuwa adui. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu wanariadha 10 mashuhuri wa mbio ndefu wa Kenya ulionyesha kwamba asilimia 76.5 ya nguvu waliyoipata kwa siku ilitoka kwenye wanga, ugali ukiwa mstari wa mbele. Naam, karani anayeketi ofisini kutwa hawezi kula kama mkimbiaji wa Iten. Hata hivyo, mfano huo unatosha kuonyesha kwamba ugali haunenepeshi kwa kuwa ni ugali. Hunenepesha unapozidi kazi ya mwili.

TAFITI ZINASEMAJE?

Katika chuo kikuu cha Stanford, Marekani, Profesa Christopher Gardner na wenzake waliwagawa watu 609 katika makundi mawili, moja likala mafuta kidogo na jingine wanga kidogo kwa muda wa mwaka mmoja. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2018 yalionyesha kwamba waliokula mafuta kidogo walipungua kwa wastani wa kilo 5.3, na waliokula wanga kidogo kilo 6.0. Tofauti hiyo haikuwa na uzito wa kitakwimu. Anayeacha lishe ya wanga kidogo, kwa hivyo, haachi dawa ya pekee isiyo na mbadala.

Utafiti unaogusa zaidi suala la kurudi ulifanywa miongoni mwa wafanyakazi wa kituo kimoja katika mji wa Dimona, Israeli. Watu 322 walifuata mojawapo ya lishe tatu kwa miaka miwili: ya mafuta kidogo, ya wanga kidogo, au ile ya nchi za Bahari ya Mediterania yenye mboga, jamii ya maharagwe, samaki na mafuta ya zeituni. Kufikia mwisho wa miaka hiyo miwili, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008, waliokula wanga kidogo ndio waliokuwa wamepungua zaidi. Watafiti waliwafuatilia kwa miaka minne mingine baada ya majaribio kumalizika. Walipotoa ripoti mwaka 2012, kundi la wanga kidogo lilikuwa limerudisha wastani wa kilo 4.1, ilhali kundi la Mediterania lilikuwa limerudisha kilo 1.4 pekee.

Takwimu hizo zinaweza kufasiriwa kwa njia kadhaa, lakini moja ni rahisi kuikubali. Aliyekula chakula kinachofanana na cha jirani zake hakuwa na safari ndefu ya kurudi. Aliyejitenga kabisa na mkate, siku alipourudia aliurudia bila kipimo, kwa kuwa hakuwa amejifunza kuupima. Alijifunza kuuacha tu.

NGAZI, SI MTEREMKO

Kinyume cha inavyodhaniwa, hata Atkins mwenyewe hakukusudia wasomaji wake wakae bila wanga maishani. Mpango wake ulikuwa na hatua nne. Ya kwanza, ambayo ndiyo iliyopata sifa, iliruhusu takriban gramu 20 za wanga kwa siku kwa wiki mbili angalau. Katika hatua ya pili mtu aliongeza gramu tano kila wiki. Katika ya tatu aliongeza gramu 10 kila wiki akikaribia uzani aliouazimia, na ya nne ilikuwa ya kudumu, kila mtu akiwa amegundua kiasi anachoweza kula bila kuongezeka. Hatua hizo za katikati ndizo zinazorukwa.

Mtu anaweza kuitumia ngazi hiyo bila kununua kitabu wala vyakula vya pakiti. Gramu tano za wanga ni kijiko kidogo cha sukari kilichojaa, ingawa sukari si mahali pazuri pa kuanzia. Kipande kimoja cha mkate kina kati ya gramu 12 na 15. Gramu 100 za kiazi kitamu kilichochemshwa, yaani kipande cha nusu ngumi hivi, kina takriban gramu 20. Ndizi moja mbivu ya kadiri ina gramu 25 hivi.

Kwa mfano, mtu anaweza kuanza kwa kurudisha tunda moja zima kwa siku na kukaa hivyo kwa wiki moja au mbili. Kisha akaongeza nusu kikombe cha maharagwe au ndengu katika chakula cha mchana. Kisha kipande cha kiazi kitamu au nduma asubuhi, mahali palipokuwa na mayai mawili na soseji, yai moja likabaki. Ugali ukaja baada ya hapo, kwanza mara mbili au tatu kwa wiki, kipande kisichozidi ngumi ya mlaji mwenyewe, nusu ya sahani ikiwa imeshikwa na mboga. Kila anapopanda ngazi, kitu fulani cha mafuta kishuke.

Wiki ambayo uzani unapanda baada ya maji kutulia, na kuendelea kupanda wiki inayofuata, mtu hana haja ya kurudi mwanzo. Hushuka ngazi moja tu na kukaa hapo. Kwa wengine mahali hapo patakuwa gramu 100 kwa siku, kwa wengine 200. Mkulima anayelima kwa jembe na mhasibu wa umri uleule hawawezi kuwa na kipimo kimoja.

Mpangilio wa vyakula una sababu yake. Maharagwe, ndengu, kunde, mbaazi na njahi hubeba protini na nyuzinyuzi pamoja na wanga wake, hivyo huingia katika damu polepole na kumshibisha mtu kwa saa nyingi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 400 za mboga na matunda na gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na kwamba wanga utokane zaidi na nafaka zisizokobolewa, mboga, matunda na jamii ya kunde. Hapa Mkenya ana bahati. Githeri isiyozidishwa mafuta, uji wa wimbi usiotiwa sukari, ugali wa unga usiokobolewa, managu au mnavu kama unavyoitwa Pwani, terere na saga vimo sokoni, na bei yake ni nafuu kuliko ya nyama iliyokuwa ikiliwa mchana na usiku.

Tahadhari moja ndogo: tumbo lililozoea nyama na mayai hulalamika maharagwe yanaporudi. Gesi na kujaa kwa tumbo ni mambo ya kawaida katika siku za mwanzo. Maharagwe yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, nayo yaanze kuliwa kwa vijiko vichache.

Vinavyofaa kurudi mwisho, au kutorudi kabisa, ni vinywaji vyenye sukari. Chupa moja ya soda ya mililita 300 kwa kawaida ina zaidi ya gramu 30 za sukari, yaani vijiko saba vidogo au zaidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya kalori za siku, na ikiwezekana isizidi asilimia tano, ambayo ni takriban gramu 25. Vikombe vinne vya chai, kila kimoja kikiwa na vijiko viwili, hupita kiwango hicho kabla ya mtu kugusa chakula. Aliyekwisha kuzoea chai isiyo na sukari kwa miezi mitatu ana jambo la thamani mkononi, na kulirudisha kwa ajili ya adabu ya ugenini ni hasara. Mwenyeji akiambiwa mapema hakasiriki.

NJAA ISIYOKWISHA

Kuna ukweli mwingine ambao vitabu vya lishe hupenda kuupita haraka. Mwili uliopoteza uzani, kwa njia yoyote ile, huutafuta tena.

Watafiti mjini Melbourne, Australia, waliwapunguza uzani watu 50 wanene kwa wiki 10 za chakula kichache mno, kisha wakapima homoni zao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba leptini, inayoujulisha ubongo kuwa akiba ipo, ilikuwa imeshuka, na grelini, inayochochea njaa, ilikuwa imepanda. Mwaka mmoja baadaye hali hiyo ilikuwa bado haijarejea ilivyokuwa mwanzo. Nchini Marekani, Kevin Hall na wenzake waliwachunguza watu 14 waliowahi kushindana katika kipindi cha televisheni cha kupunguza unene. Walikuwa wamepoteza wastani wa kilo 58. Miaka sita baadaye, kwa mujibu wa ripoti ya mwaka 2016, walikuwa wamerudisha wastani wa kilo 41, na miili yao ilikuwa ikitumia takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa maumbile yao.

Hao walikuwa wamepungua kwa kasi isiyo ya kawaida. Hata hivyo, kisa chao kinamwondolea lawama mtu anayesikia njaa baada ya kupungua na kudhani kwamba hana msimamo. Kinamwonya pia kwamba hawezi kurudia kiasi alichokuwa akila awali, hata kama kila tonge ni la chakula bora. Mwili mdogo huhitaji chakula kidogo.

Protini ndiyo silaha ya kwanza dhidi ya njaa hiyo, nayo ni sehemu ya lishe ya wanga kidogo inayostahili kubaki. Katika utafiti wa nchi nane za Ulaya uliochapishwa mwaka 2010, watu wazima 773 waliokuwa wamepoteza angalau asilimia nane ya uzani wao waligawanywa katika lishe mbalimbali za kudumisha uzani kwa wiki 26. Waliofaulu zaidi ni waliokula protini nyingi kiasi pamoja na wanga unaoingia damuni polepole. Waliorudisha uzani kwa kiasi cha kuonekana ni wale wa protini kidogo na wanga wa haraka, mfano wa mkate mweupe. Kwa lugha ya jikoni, samaki, omena, kuku, mayai, maziwa mala na maharagwe visiondoke mezani ugali unapoingia.

Silaha ya pili ni miguu. Orodha ya kitaifa ya watu waliofaulu kudumisha uzani, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1994 na Rena Wing na James Hill, imekusanya zaidi ya watu 10,000 waliopoteza angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo kwa mwaka mmoja au zaidi. Asilimia 90 yao hufanya mazoezi kwa wastani wa saa moja hivi kwa siku, na wengi hutembea tu. Asilimia 75 hujipima uzani angalau mara moja kwa wiki. Walipungua kwa njia tofauti tofauti, lakini tabia za kudumisha zinafanana. Kwa anayerudia wanga, kutembea kuna faida ya ziada kwa sababu misuli inayofanya kazi huichukua sukari kutoka kwenye damu. Kushuka matatu vituo viwili kabla ya nyumbani ni mwanzo mzuri. Mazoezi ya kuinua vitu vizito, hata mara mbili kwa wiki, husaidia misuli isipungue.

Wing alihusika pia katika utafiti wa mwaka 2006 uliohusu watu 314 waliokuwa wamepungua. Baadhi walifundishwa kujipima kila siku na kuyasoma matokeo kama taa za barabarani. Aliyeongezeka chini ya kilo 1.4 alikuwa katika kijani, aliyefika kati ya hapo na kilo 2.3 katika manjano, na aliyefikia kilo 2.3 katika nyekundu, ambapo alitakiwa kuanza tena juhudi za kupungua mara moja. Baada ya miezi 18, asilimia 72.4 ya wale ambao hawakufundishwa hivyo, wakitumiwa jarida tu, walikuwa wamerudisha kilo 2.3 au zaidi. Miongoni mwa waliofundishwa ana kwa ana ilikuwa asilimia 45.7. Ni chini ya nusu, ingawa bado ni wengi, na takwimu hiyo inafaa kumfariji anayedhani ameshindwa peke yake.

Desemba ni mtihani wa pekee. Safari ya nyumbani mashambani huleta chapati, wali, nyama na soda kwa wiki mbili mfululizo, na hakuna mizani. Aliye katika ngazi za mwanzo angefanya vyema kuahirisha kuongeza wanga hadi Januari, au kuchagua mlo mmoja wa karamu kwa siku na kuiacha milo mingine iwe myepesi.

WASIOPASWA KUJIAMULIA

Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi mara nyingi huwa amepunguziwa dozi alipoacha wanga, kwa kuhofia sukari kushuka mno. Anaporudia ugali, dozi hiyo inaweza kuwa haitoshi. Asiongeze dawa mwenyewe, wala asiongeze wanga bila kupima sukari na kumjulisha daktari. Vivyo hivyo, aliyepunguziwa dawa za shinikizo la damu apimwe katika wiki za mwanzo, kwa kuwa chumvi na maji vinaporudi mwilini shinikizo nalo huweza kupanda. Mtoto anayefuata lishe hii kwa ajili ya kifafa asiiache ila kwa mpango wa daktari wake. Wajawazito na wenye maradhi ya figo nao watafute ushauri kabla ya kubadilisha kiasi cha protini na wanga.

Kuna pia jambo ambalo huwashtua watu kliniki. Mwili uliokaa muda mrefu bila wanga huchukua siku kadhaa kuzoea kuushughulikia tena, hivyo sukari inaweza kupanda zaidi ya kawaida baada ya mlo wa kwanza wenye wanga mwingi. Kwa sababu hiyo, mtu anayekwenda kufanyiwa kipimo cha kisukari cha kunywa glukosi hushauriwa kula angalau gramu 150 za wanga kwa siku kwa siku tatu kabla ya kipimo. Asipofanya hivyo anaweza kuonekana mgonjwa ilhali si mgonjwa, na ni vyema amweleze mhudumu wa maabara tarehe aliyoanza kula wanga tena.